Siku Jirani Hakula Nyama Yetu

Nahashon, baba yangu,

Saa hii ni saa kumi jioni na wewe uko kanisani, umepiga magoti mbele ya watu, wazee wamekuwekea mikono kichwani wakikuombea safari. Mimi nimesema goti linaniuma. Goti haliniumi. Nimekaa kwa stuli hapa jikoni na daftari lako la zamani la jiografia. Nimepata kurasa kadhaa nyuma hazijaandikwa kitu, na nataka nizijaze kabla hujarudi, kwa sababu ukirudi tutaongea, na tukiongea utanishinda. Wewe umesoma, una maneno, halafu unacheka vizuri kama marehemu baba yako. Nikiandika, angalau hutanikatiza.

Habari ya kufua nguo na kula vizuri siandiki. Una miaka ishirini na sita. Soksi utajijulia.

Kesho asubuhi gari la Shamba litakuja kukuchukua hapa Bondeni, Nakuru, likupeleke Nairobi kwa mafunzo ya wiki mbili, halafu Molo, ukae huko kama mratibu wao. Shamba la Bwana sasa wanajulikana kila mahali, wana mabango, wana redio, wana viti kwenye kaunti. Mimi niliwajua wakiwa kikundi cha maombi chenye viti thelathini vya plastiki, na viti kumi vilikuwa vya kuazima. Kazi yako ulinieleza Jumatatu, ukiwa umefurahi mpaka sikutaka kukuharibia chai. Utazunguka na vijana kumi mlango kwa mlango na ile tableti, mwandike kila nyumba: ina watu wangapi, wanaabudu wapi, wametoka wapi, wamekubali stika ya Shamba au wamekataa. Nikakuuliza hayo yote ni ya nini.

"Mathe, relax," ukasema. "Ni data tu."

Mimi mwaka ule nilisema, "Ni majina tu." Ndiyo sababu naandika. Kuna jambo nililifanya hapa hapa Bondeni, ukiwa kwa nyumba hii hii, na sijawahi kukuambia.

Linamhusu Mzee Jumaa, wa nyumba ya nne kutoka kwa bomba. Unamkumbuka vile mtoto anakumbuka jirani. Alikufukuza kutoka juu ya paa lake ukitafuta mpira, akakutengenezea baiskeli, akakuchapa kofi moja na mimi nikasema asante. Lakini hujui alikuwa nani kwetu sisi wazazi. Alikuwa mchinjaji kule kichinjioni, na kwa miaka zaidi ya ishirini hapa hakuna ng'ombe wala mbuzi aliyechinjwa kwa sherehe ya mtu bila kisu chake. Sisi Wakristo, yeye Mwislamu, na hakuna aliyeona ajabu. Sababu yake ni rahisi. Akichinja yeye, kila mtu anakula. Akichinja mwingine, kuna nyumba sita za Waislamu kwa laini zetu, hizi safu za nyumba, zitakaa zikinusa harufu tu. Basi unamwita Jumaa. Ulipotahiriwa, alichinja yeye. Baba yako alipofariki, alichinja yeye, halafu akakaa na sisi siku tatu za matanga, usiku kucha, akichochea moto. Malipo yake yalikuwa kipande cha nyama na kikombe cha chai, na chai yenyewe alitaka iwe na sukari ya kutosha, sio hizi zenu za kijiko kimoja.

Weka hilo kando kidogo. Nikuambie vile Shamba walinipata.

Kwanza uelewe kitu ambacho hutasikia kwa wale wanaowatukana kwenye simu: ilikuwa raha. Aki ilikuwa raha. Baba yako alikuwa na miezi saba kaburini. Biashara ya viazi ilikuwa imenilemea, lori kutoka Molo linachelewa siku mbili, magunia yanafika yakivuja maji, na madalali wananiita mathe kama sina jina. Halafu nikaingia kwa ukumbi ambapo watu waliniita Dada Katibu. Walinipa leso ya kijani. Tuliimba mpaka mabati yakatetemeka. Mchungaji alisema Kenya ni shamba la Bwana na sisi ndio wakulima wake, na mimi niliyezaliwa na jembe mkononi nikaona kwamba hatimaye kuna mtu ananiongelesha mimi. Usinione mjinga. Mtu aliyefiwa akipewa mahali pa kuketi, haanzi kuuliza kiti kimetoka wapi.

Mwanzoni shamba lilikuwa la kila mtu. Haukuisha muda, likawa na magugu. Gugu la kwanza lilikuwa pombe, na nani atasimama kanisani atetee pombe? Nikapiga makofi. Halafu magugu yakawa wezi wa mali ya umma, nikapiga makofi zaidi, kwa sababu hata mimi nimeibiwa na serikali. Halafu Jumapili moja magugu yakawa watu, watu wa dini fulani, watu kutoka upande fulani, watu ambao eti wamekalia ardhi ya wenye nchi, na mikono yangu ilikuwa imeshazoea. Ilipiga makofi yenyewe. Nakuambia ukweli, Nahashon, sikusikia tofauti. Nilikuwa katikati ya makofi kabla sijajua ninapigia nini.

Halafu wakaleta bendera. Iliwekwa kando ya mimbari nikasema ni vizuri, si sisi ni Wakenya? Baadaye ikasogezwa, ikawa mbele ya msalaba. Mimi ndiye nilikuwa naipiga pasi. Mheshimiwa, yule mgombea wao, akaja, akapiga magoti, akalia machozi ya kweli, nilikuwa karibu nikayaona. Akapakwa mafuta. Kuanzia siku hiyo ukimwuliza yeye swali, ni kama umemwuliza Mungu. Kuna mwalimu mmoja mstaafu, mama mpole sana, alisimama siku ya maswali akasema: kama Mungu ameshamchagua Mheshimiwa, sisi tunaenda kupiga kura ya nini? Watu walicheka, kwa sababu lilikuwa swali zuri. Mchungaji hakucheka. Jumapili iliyofuata huyo mama aliitwa mbele aombewe atokwe na roho ya uasi, na sisi wa leso za kijani tukamzunguka. Mimi nilishika bega la kushoto. Alikuwa anatetemeka, nikajiambia ni Roho anafanya kazi. Hakurudi tena, na sisi tukasema amerudi nyuma kiimani.

Lile swali ningepaswa kulibeba nyumbani. Mahakama ikiwazuia jambo, mahakama ni ya shetani. Gazeti likiandika, gazeti limenunuliwa. Wakishinda uchaguzi, Mungu amesema. Wakishindwa, wameibiwa. Sasa niambie wewe uliyesoma, kwa mpango huo Mungu anaweza kushindwa lini? Na kama hawezi, mimi na kitambulisho changu kwenye foleni, na ile baridi ya saa kumi na moja asubuhi, nilikuwa nimeenda kufanya nini?

Sikuuliza. Nilikuwa Dada Katibu.

Basi ukafuzu chuo kikuu. Mtoto wa kwanza kwa hizi laini zetu kuvaa lile joho. Nilinunua fahali kutoka Molo, mweusi, mnene, akaletwa juu ya magunia ya viazi, na Bondeni nzima ikatoka kumtazama. Jioni ya kuamkia sherehe, Mchungaji akanipigia simu. Mheshimiwa atafika, akasema. Haiwezekani mnyama wa sherehe ya Bwana aombewe kwa jina lingine. Wao wana kijana wao, anajua kuchinja, nisiwe na wasiwasi.

Ningeweza kusema hapana. Fahali alikuwa wangu. Hakuna aliyenishikia panga. Huwa natafuta siku hizi mahali ambapo nilitishwa, ili nipate pa kujificha, na sipaoni. Mtu aliniomba kwa sauti ya upole, kwa simu, na mimi nikasema amina.

Saa kumi na mbili asubuhi Mzee Jumaa akaja bila kuitwa, kama kawaida yake, kisu kimefungwa kwa kitambaa cha gunia. Alikuwa ameshamzunguka fahali na kuchagua mahali pa kumlaza, kichwa kielekee mlima Menengai, kwa sababu ndiko kwenye kibla ukiwa Bondeni. Hata watoto wetu wa Sunday school wanajua hilo. Nikamwendea na mikono nimeikunja ndani ya leso.

"Mzee," nikamwambia, "leo tumepata mtu."

Akamwangalia yule kijana wa Shamba, akaniangalia mimi. Hakukasirika. Aliuliza kitu kimoja tu. "Na sisi, mama Nahashon, tutakula nini?"

Nikamwambia kutakuwa na chapati na kabichi.

Kabichi! Mtu aliyechinja ng'ombe wa matanga ya mume wangu, nilimwahidi kabichi. Na usidhani walikataa kuja. Mkewe, Mama Rehema, alikuwa kwangu tangu saa moja akisukuma chapati za watu mia mbili, unga mpaka kwenye nyusi. Mchana ukafika, nyama ikapakuliwa, na zile nyumba sita zikajikusanya zenyewe kwa benchi moja karibu na ua na sahani zao za kabichi. Chukua zile picha za sherehe uangalie. Wewe uko mbele na joho lako, Mheshimiwa amekushika bega, na nyuma kabisa utaona hilo benchi. Kabla ya siku hiyo hapakuwa na benchi lao Bondeni. Tulikuwa tunaketi tu ovyo ovyo, mtu na jirani yake. Hatukumfukuza mtu yeyote, tulibadilisha tu mwenye kisu.

Watu wanangoja kusikia risasi ndipo waseme nchi imeharibika. Mimi niliiona ikiharibika hapo uani, watu wakila na muziki ukicheza, na niliona ni sherehe imefana. Wewe ukienda huko, angalia watu wanavyoketi wakati wa kula.

Wiki mbili baadaye Mchungaji akaniomba nipite nyumba zote za laini zetu na stika zile, Hapa ni Shamba la Bwana. Inayopokea niweke alama. Inayokataa niandike majina, kazi, idadi ya watoto, na walikotoka, ili ziombewe. Akasema amenichagua kwa sababu ya mwandiko wangu. Wewe unajua mwandiko wangu. Nusu ya Bondeni wamewahi kuja na karatasi tupu niwaandikie barua ya shule, barua ya kazi, barua ya kwa chifu. Nilinunua daftari jipya. Nilipiga mistari kwa rula. Mzee Jumaa alinipokea mlangoni, akaniambia mlango wake uko na kitasa na hicho kinamtosha, akacheka, nami nikacheka, halafu nikaandika. Jumaa, nyumba ya nne, watoto watatu, kichinjioni. Sikuongeza neno hata moja la uongo. Kila nilichoandika kilikuwa kweli, na ukifika Molo na wewe utajifariji hivyo hivyo.

Kwanza kule kichinjioni wakamwambia kazi imepungua. Imepungua kwake tu. Halafu watoto wakaanza kuwaambia watoto wake wapange mitungi nyuma ya foleni pale bombani. Hiyo hawakufundishwa na mtu, watoto huona wenyewe upepo unavumia wapi. Halafu Jumanne moja, mchana kweupe, wakaja vijana wanane wa fulana za kijani na mtu mmoja mwenye faili aliyejiita afisa. Wakasema nyumba hizi zinarudishwa kwa wenye nchi. Babake Jumaa alizaliwa Bondeni kabla babangu hajawahi kuiona Nakuru. Wenye nchi, eti.

Nilikuwa kwa bomba, nafua. Wakapita nyumba ya kwanza. Wakapita ya pili na ya tatu. Wakasimama ya nne. Aliyekuwa mbele alikuwa anasoma karatasi, na alipogeuka nikaiona. Ilikuwa fotokopi. Mistari ya rula, herufi zangu, na ile J yangu yenye mkia mrefu.

Hapa lazima nikupeleke Molo, kwa sababu huko ndiko unakoenda na sijawahi kukusimulia vizuri. Huwa nasema tulihama. Hatukuhama. Nilikuwa darasa la sita, ulikuwa msimu wa uchaguzi, na kulikuwa na ile baridi ya Molo inayofanya vidole visishike kalamu. Walikuja wanaume wengi. Nilijificha kwa shamba la viazi, kifua kwenye matuta, nikawaona wakipita boma la kwanza, la pili, la tatu, halafu wakaingia la nne, letu. Aliyekuwa mbele alikuwa anasoma karatasi ya daftari la shule. Moto ulipoisha, kilichobaki wima ni jiko. Sitakuambia walikuwa kabila gani. Ungeanza kuwatafuta kwa uso wa kila mtu unayekutana naye. Nakuambia tu kwamba kuna mtu aliyekuwa na mwandiko mzuri, aliyetujua sisi kwa majina, aliyekaa mahali akaandika. Huyo ndiye nimemchukia maisha yangu yote kuliko walioshika viberiti.

Ungedhani mtu aliyeona hayo hatagusa daftari kama hilo. Watu husema mateso hufundisha. Mimi hayakunifundisha kitu. Yalinipa tu hamu ya kuwa siku moja kwa upande wa wale wenye karatasi, ndipo nilale bila kusikiliza mbwa. Shamba walinipa huo usingizi, na ulikuwa mtamu.

Sasa unataka kujua nilifanya nini pale bombani. Nilifunga maji. Nikachukua beseni langu, nguo zikiwa bado na sabuni, nikaingia ndani. Mama Rehema aliniita mara mbili. Hakupiga kelele. Aliita kama mtu anayeita jirani amshikie mtoto kidogo. Nikasimama nyuma ya mlango huu huu hapa, beseni likinidondokea miguuni, nikasikia kitanda kikiburutwa, sufuria, cherehani, sauti ya Mzee Jumaa ikiwaambia polepole, hiyo ni ya kioo. Sikutoka. Wewe ulirudi jioni ukauliza kina Jumaa wako wapi. Nikakujibu wamehama.

Ni neno lile lile nililokuwa nalitumia la Molo.

Ilinichukua mwaka na miezi kwenda kuwatafuta. Mwezi uliopita, siku niliyokuambia nimeenda kuona bei ya magunia, nilikuwa mtaa wa Kaptembwo. Niliuliza uliza mpaka mtu wa boda akanionyesha. Wana chumba kimoja. Mzee Jumaa amekaa nje na gurudumu la baiskeli, ananoa visu vya watu, visu vya mboga, mikasi ya vinyozi. Amekonda. Aliponiona aliinuka, akanipa kiti chake, akaingia ndani akanipikia chai. Ilikuwa Ramadhani. Yeye amefunga, ananipikia mimi chai, na aliweka sukari vile yeye hupenda. Mama Rehema alikuwa mle ndani. Nilimsikia akikohoa. Hakutoka.

Nikaanza kumweleza habari ya daftari. Akanizuia kwa mkono.

"Mwandiko niliujua siku ile ile," akasema. "Si wewe ndiye uliniandikia barua ya kuomba basari ya Rehema? Ile barua ilikuwa nzuri sana, mama Nahashon. Walimpa."

Nikalia. Sikupanga kulia, na nilichukia vile nilikuwa nalia, kwa sababu ilimfanya yeye atafute la kunibembeleza. Nikamwomba msamaha. Akachukua kisu, akakijaribu kwa ukucha.

"Siamki na kinyongo," akasema mwishowe. "Lakini ukitaka niseme hakuna neno, nitakuwa nimesema uongo, na leo nimefunga."

Nikamaliza chai nikarudi. Msamaha sikupata na sitarudi kumsumbua. Kuna vitu ukivunja, kilichobaki ni kutovunja tena.

Najua utakaloniambia. Utasema hiyo ilikuwa karatasi, nyinyi mna tableti yenye password, haiwezi kushikwa na mikono mibaya. Baba, ile karatasi haikuibwa. Iliandikwa kwa ajili ya mikono hiyo hiyo, ni mimi tu sikuwa nimeambiwa. Utasema humchukii mtu. Najua humchukii mtu, nimekulea. Hata mimi sikumchukia Jumaa. Nilimpenda yule mzee. Chuki yao wanayo ya kutosha, hawana haja na yako. Wanachotaka kwako ni adabu. Utabisha hodi huko Molo, mama wa umri wangu atafungua, atakuona kijana msafi anayesalimia kwa mikono miwili, atakuletea chai ya maziwa, na kila ukiuliza atajibu. Hiyo adabu nilikufundisha mimi. Nikifikiria vile itakavyotumika, nataka kujipiga.

Na usidhani sijui kwa nini umeikubali hii kazi. Miaka miwili nimekuona ukitoka asubuhi na ile bahasha ya vyeti, ukirudi na vumbi la kiatu. Nimekusikia bafuni ukifungulia maji ili nisisikie. Hakuna aliyekupa hata kazi ya kufagia. Wakangoja ukaushwe kabisa, halafu wakaja na beji, na mshahara, na kiti mbele kanisani. Hiyo ndiyo hasira yangu kubwa, kwamba walikungoja ukose kwanza. Walifanya hivyo na mimi, miezi saba baada ya mazishi. Wanajua kuhesabu, hao.

Siwezi kukukataza. Ukikaa hapa, sina cha kukupa zaidi ya magunia ya viazi na madalali. Na wewe ni mtu mzima, utakwenda, na mimi nitakupungia mkono kama mama wengine. Lakini baraka sina. Nimezitafuta mchana kutwa na hazipo. Wazee wamekupa zao, utasafiri na hizo.

Kitu kimoja nimefanya leo adhuhuri, na ni haki ulisikie kwangu kabla hujasikia kwa wengine. Nilienda kwa ofisi ya Mchungaji nikamwambia afute jina langu. Akacheka, akadhani ni mambo ya mama kuachwa na mtoto. Nikarudia. Akaacha kucheka. Akaniuliza kama nimefikiria itakavyoonekana, mama wa mratibu, wiki hii. Nikamwambia nimefikiria. Akasema nitaombewa, na wote wawili tulijua maana yake.

Labda nimekuharibia. Labda watakuita Nairobi siku ya kwanza wakuulize wewe ni mtoto wa nani. Ukinikasirikia una haki, na hata ukinyamaza mwaka mzima nitaelewa. Lakini ulisema daftari lenu ni la kaunti nzima, na Bondeni bado haijajazwa upya. Basi usianzie Molo kwa mlango wa mama wa watu. Kesho asubuhi, gari likiwa linangoja hapo nje, fungua hiyo tableti hapa mezani, mimi nikiwa nimeketi mbele yako. Laini ya tatu, nyumba ya tisa. Mtu mmoja, mjane, muuza viazi, alifukuzwa Molo. Ikifika pale wanapouliza kama nyumba imekubali au imekataa, bonyeza imekataa. Ibonyeze kwa kidole chako mwenyewe, ukiniangalia usoni, halafu uende.

Mamako,
Tabitha